Xeon ya kore 14 ama i7 ya kore nne? Soma hii kabla utoe doo

Kama wewe ni kijana wa Embu na umekuwa ukitafuta kompyuta ya kazi, najua hilo tangazo umeshaliona. Picha ya mashine nyeusi, nzito, HP Z440 ama Dell Precision, na maandishi makubwa juu yake: Xeon, kore 14, thredi 28, ex-UK. Bei imekaribiana na ya kompyuta ya kawaida ya mezani yenye i7 ya kore nne. Kichwa kinaanza kupiga hesabu chenyewe: 14 gawanya kwa nne, hiyo ni mara tatu na nusu. Sasa nani atakataa?

Tulia kwanza. Hiyo hesabu ndiyo inawaangusha wasee wengi, na si kwa sababu muuzaji anadanganya. Kore ziko 14 kweli, ukifungua mashine utazipata. Shida ni kwamba prosesa ya seva na prosesa ya mezani hazikutengenezewa swali moja. Moja inajibu swali la "wangapi kwa wakati mmoja?" Nyingine inajibu "huyu mmoja, haraka kiasi gani?" Ukinunua jibu la swali ambalo kazi yako haiulizi, umetoa pesa bure.

Na hapa Manyatta pesa ya mashine haiokotwi. Kwa wengi wetu ni kipande cha bonasi ya chai ambacho mathee alikubali kukuachia, ama mkopo wa chama wenye majina ya wadhamini watatu, ama miezi minane ya kibarua. Hiyo pesa haiji mara mbili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie mhadhara hapa. Nataka tu ujue unacholipia.

Matatu na bodaboda

Chukua safari ya kutoka Embu mjini hadi soko la Manyatta. Kama una bahasha moja ya haraka, unampa mtu wa boda. Anapenya, anafika, anarudi. Lakini kama una watu 14 wa kupeleka matangani, boda moja itakumaliza. Unatafuta matatu ya watu 14. Hakuna mtu husema matatu "ina nguvu kuliko" boda akiacha hapo. Utamuuliza: nguvu ya kufanya nini?

Sasa tuweke namba. Xeon E5-2680 v4 ilitoka mwaka wa 2016. Ina kore 14 na thredi 28. Spidi yake ya kawaida ni gigahezi 2.4, na ikijikaza inafika 3.3. Inakula wati 120. Core i7-6700 ilitoka 2015, ina kore nne na thredi nane, inaanzia gigahezi 3.4 na kupanda hadi 4.0, kwa wati 65.

Umeona hapo? Yenye kore nyingi ndiyo yenye kore za polepole. Na si bahati mbaya. Kila kore inatoa joto. Ukifinyanga kore 14 kwa kipande kimoja cha silikoni, lazima uziambie zote zipunguze mwendo, la sivyo kitu kitaungua. Mtengenezaji wa seva anakubali hiyo hasara kwa furaha, kwa sababu mteja wake ana maelfu ya kazi ndogondogo zinazoingia pamoja.

Wale wa AMD wanaonyesha jambo hili wazi kabisa. Mwaka wa 2019 walitoa Ryzen 9 3950X ya mezani na EPYC 7742 ya seva, zote zikiwa zimejengwa kwa aina moja ya kipande kidogo chenye kore nane. Ryzen ilipewa vipande viwili, ikawa na kore 16 na spidi ya hadi gigahezi 4.7. EPYC ilipewa vipande vinane, kore 64, lakini spidi yake ya juu ni gigahezi 3.4. Damu ni moja, ukoo ni mmoja, kazi ndiyo tofauti.

Wapishi 14, sufuria moja

Sasa utaniuliza: si hizo kore 14 zigawane kazi yangu basi, nimalize haraka? Zitagawana, kama kazi inagawanyika. Hapo ndipo kuna ngori.

Fikiria githeri. Kuchambua maharagwe, wapishi 14 watamaliza chap chap kuliko wanne. Lakini yakishaingia kwenye sufuria, maharagwe hayaivi haraka ati kwa sababu watu 14 wamesimama kando ya moto. Kila kazi ya kompyuta ina sehemu ya kuchambua na sehemu ya kuchemka. Mhandisi Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka wa 1967, na mpaka leo bado linaitwa sheria ya Amdahl.

Tupige hesabu yake kwa dakika. Sema una kazi ambayo kore moja ya ile Xeon, ikiwa kwa spidi yake ya juu, ingeimaliza kwa dakika 60. Sema nusu ya kazi inagawanyika na nusu haigawanyiki. Kore 14 zitafanya hivi: dakika 30 za kuchemka zinabaki vilevile, na dakika 30 za kuchambua zinagawanywa kwa 14, zinakuwa kama mbili. Jumla ni dakika 32. Sasa leta i7. Kwa kore nne za mwendo uleule ingekuwa dakika 37 na nusu. Lakini kore zake zinakimbia gigahezi 4.0, si 3.3, kwa hivyo inamaliza kwa dakika kama 31.

Rudia kusoma hiyo. Kore nne zimefika kabla ya kore 14.

Sasa badilisha kazi. Chukua ile ambayo asilimia 95 yake inagawanyika. Xeon inamaliza kwa dakika saba. i7 inachukua dakika 14. Hapa Xeon imeshinda mara mbili, na hakuna ubishi. Lakini angalia pia: hata hapa haikushinda mara tatu na nusu kama vile kichwa kilikuwa kimekuambia mbele ya lile tangazo.

Hesabu hii nimeifanya nyepesi makusudi. Mashine halisi ina mambo mengine, kama memori, diski na joto. Lakini umbo lake ndilo hilo, na ukilishika huwezi kuuziwa namba tu.

Kazi gani huuliza swali gani?

Hebu tuangalie kazi ambazo vijana wa hapa mjini wanafanya kweli.

Kurenda picha za 3D kwa Blender kwa kutumia prosesa: hii ni ya Xeon. Picha inakatwa vipande, kila kore inapewa chake, hakuna anayemngoja mwenzake. Dada mmoja hapa Kirimari huchora nyumba za wateja na kuwatolea picha za jinsi zitakavyokaa zikishajengwa. Anaiacha Xeon yake usiku kucha ikirenda, asubuhi kazi iko tayari. Yeye alinunua alichohitaji.

Kuchora kwa AutoCAD ni hadithi nyingine. Sehemu kubwa ya AutoCAD hutumia kore moja. Kore zingine 13 zinakaa hapo kama abiria waliolala. Hapa spidi ya kore moja ndiyo kila kitu.

Gemu pia hupenda kore chache zenye mbio. Gemu za siku hizi zinatumia kore kadhaa, ndiyo, lakini kuna uzi mmoja mkuu unaoongoza wengine, na huo ukichelewa, picha inakwama.

Muziki uko katikati. Ukiwa na traki nyingi kwa FL Studio, zinaweza kugawanywa kwa kore tofauti. Lakini ukipanga efekti kumi kwenye sauti moja, hizo zinafuatana moja baada ya nyingine, na mnyororo huo hauwezi kukatwa vipande. Ndiyo unasikia sauti ikikatika huku kompyuta inasema bado ina nafasi tele.

Video ndiyo inachanganya watu zaidi. Jamaa mmoja ninayemjua hupiga video za harusi na ruracio, na nyingi anazipiga kwa simu. Alichukua Xeon ya kore 14 akitarajia miujiza, lakini kila akigusa sehemu ya video, picha inagandaganda. Kwa nini? Simu hurekodi video iliyobanwa kwa mitindo ya H.264 ama HEVC, na kuifungua kunahitaji kazi nyingi. Zile i7 na i5 za mezani nyingi huwa na grafiki ndani ya prosesa yenyewe, na ndani yake kuna sehemu maalum ya kufungua video za namna hiyo. Intel huiita Quick Sync. Xeon E5 haina grafiki ndani kabisa. Inategemea kadi ya grafiki unayoiweka, na ya jamaa yetu ilikuwa kadi kuukuu ya kuonyesha tu picha kwa skrini. Dawa yake ilikuwa kadi nzuri zaidi, na hiyo ilikuwa doo nyingine ambayo hakuwa ameipangia.

Na kama unafungua saiba ya kusaidia watu kujaza fomu za eCitizen, HELB na KRA, Xeon ya nini? Hiyo ni kazi ya brauza. Weka i5 za kawaida, diski za SSD, na intaneti thabiti.

Basi Xeon ni ya nani?

Usielewe vibaya, mimi sichukii Xeon. Zina vitu ambavyo i7 ya wakati wake haina hata ukiomba.

Cha kwanza ni memori. Ile i7-6700 inakubali RAM ya gigabaiti 64, basi. E5-2680 v4 kwa bodi inayofaa inaweza kubeba hadi terabaiti moja na nusu, kupitia njia nne za memori badala ya mbili. Kama wewe ni mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Embu na unataka kujifunza mitandao kwa kuendesha mashine pepe nane kwa wakati mmoja, moja ikiwa seva, nyingine faiwoli, nyingine ya kujaribu kudukua, utaipenda Xeon sana. Ukimaliza chuo ukiwa umeshika hizo kazi kwa mikono, utakuwa mbele ya wengi.

Cha pili ni memori ya ECC, ile inayojisahihisha. Ndani ya kompyuta kila namba ni safu ya sifuri na moja. Mara moja moja, biti moja hugeuka yenyewe, sifuri ikawa moja. Kwa gemu hutajua. Lakini chukua shilingi 1,000 kwenye akaunti ya mtu, geuza biti moja tu mahali pabaya, na inasoma 17,384. Memori ya ECC inaiona biti moja iliyogeuka na kuirudisha. i7-6700 haina huo uwezo.

Sasa unaona kwa nini seva ziko vile zilivyo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na hadi mwaka wa 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani ndipo zikahamishwa kuja Kenya. Ukimtumia mtu shilingi hamsini hapo sokoni, seva haiombwi ikuhudumie wewe peke yako kwa mbio za ajabu. Inaombwa ikuhudumie wewe pamoja na maelfu ya wengine katika sekunde hiyohiyo, bila kukosea hata senti, mchana na usiku, mwaka mzima. Hiyo ndiyo kazi Xeon na EPYC zilizaliwa kufanya.

Jua pia kwamba "Xeon" ni jina la ukoo mzima. Intel ilianza kulitumia mwaka wa 1998, na watoto wamekuwa wengi. Xeon E5-1650 v4 ina kore sita tu, lakini inakimbia gigahezi 3.6 hadi 4.0; hiyo inafaa mtu wa kazi mchanganyiko kuliko ile ya kore 14, na zote mbili zinaingia kwenye HP Z440 ileile. Xeon E3-1240 v5 nayo ina kore nne na thredi nane, karibu ndugu pacha wa i7-6700. Kwa hivyo mtu akikuambia tu "ni Xeon, boss," bado hajakuambia kitu. Itisha namba kamili.

Mbona ikawa rahisi hivyo?

Mwaka wa 2016 ile E5-2680 v4 peke yake, bila bodi wala RAM, iliorodheshwa kwa zaidi ya dola 1,700. i7-6700 ilikuwa kama dola 300. Leo Xeon hiyo iliyotumika unaipata kwenye soko la dunia kwa chini ya dola 50. Kampuni kubwa na vituo vya data hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache, za zamani zinauzwa kwa wingi, zinapakiwa kwa makontena, na ndiyo hizo tunaziona zikiandikwa ex-UK.

Lakini walioziuza hawakuwa wajinga. Walipiga hesabu wakaona mashine mpya inafanya kazi nyingi zaidi kwa stima ileile. Angalia Core i5-12400 ya mwaka wa 2022. Ni i5 tu, ya watu wa kawaida, kore sita, spidi hadi gigahezi 4.4. Kwa kazi ya kutumia kore zote inakaribiana na ile Xeon ya kore 14. Kwa kazi ya kore moja inaiacha mbali sana. Miaka sita ilitosha kore sita za mezani kuwafikia 14 wa seva.

Wewe pia piga hesabu ya stima. Sema wakstesheni ya Xeon inakula wati 100 zaidi ikiwa kazini, saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni yuniti karibu 21 za ziada. Angalia SMS yako ya mwisho ya tokeni, gawanya pesa kwa yuniti, kisha zidisha. Kama yuniti ni shilingi 30, hiyo ni kama 620 kila mwezi, zaidi ya 7,000 kwa mwaka. Hiyo haikuandikwa kwa tangazo.

Halafu kuna Windows. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kirasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Xeon E5 v4 imeachwa nje, na i7-6700 pia imeachwa nje. Unaweza kuweka Linux ukaendelea vizuri tu, lakini ukitegemea Adobe, fikiria mara mbili.

Kabla utoe hata bob

Anza nyumbani, kwa mashine unayotumia sasa, hata kama ni ya kuazima. Fanya kazi yako ya kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uangalie asilimia ya prosesa. Ikiwa mashine ina thredi nane, thredi moja ikijaa kabisa itaonekana kama asilimia 12 ama 13 tu ya jumla. Kwa hivyo ukiona kazi inakwama na prosesa inasoma 15, shida yako si uchache wa kore, na Xeon ya kore 14 haitakusaidia. Angalia pia kama ni RAM ama diski iliyojaa. Ikiwa prosesa inasoma 100 na inakaa hapo, basi una kazi inayogawanyika. Sasa unaweza kuanza kuongea kuhusu kore nyingi.

Ukienda dukani, iwe ni hapa mjini ama Luthuli Avenue huko Nairobi, beba kazi yako kwa flashi. Kazi yako halisi, si video ya muuzaji. Mwambie akuwashie Xeon na i7 kando kwa kando, fungua faili lilelile, na simu yako ipime dakika. Muuzaji mzuri hatakataa. Kisha endesha Cinebench kwa dakika kumi, usikilize feni, uone kama mashine inajizima ama inapunguza mwendo.

Uliza maswali matatu zaidi. RAM yake ni ya aina gani? Ile ya seva inayoitwa registered haiingii kwa kompyuta ya kawaida, kwa hivyo usidhani utaihamisha baadaye. Pawasaplai ikiungua, nitaipata wapi? Ile ya Z440 ina viunganishi vyake yenyewe, hauwezi kuchomeka yoyote. Na kadi ya grafiki ni gani hasa, jina na namba?

Akikujibu yote na saa ya simu yako inasema Xeon imeshinda kwa kazi yako, nunua bila woga. Umepata mashine ya maana kwa bei ya kutupa. Saa ikisema i7 ama i5, chukua hiyo, na salio liweke kwa SSD na RAM. Mathee hatakuuliza mashine ina kore ngapi. Atakuuliza imeleta nini nyumbani.